Kabla hujanunua betri mpya ya gari la kempu, jua kwanza nani aliiua ya zamani

WayaMwekundu (Arusha)

Wakuu salaam.

Msimu wa wageni unakaribia na gereji yetu imeanza kupokea ugonjwa uleule wa kila mwaka: Land Cruiser ya kukodisha, hema juu, friji nyuma, betri ya pili haina kitu. Mwenye gari anakuja na hela mkononi, anataka mpya ifungwe leo maana kesho mgeni anapanda Ngorongoro. Ukimwuliza ya zamani imekufaje, anasema imezeeka. Ukiangalia risiti, haijamaliza hata miaka miwili.

Betri ya asidi iliyotunzwa haizeeki haraka hivyo. Hiyo imeuawa, na muuaji bado yumo ndani ya gari, anaisubiri mpya.

Kwa wageni wa mambo haya: gari la kempu lina betri mbili zenye kazi tofauti. Ya mbele ni ya stata, yaani ya kuwashia injini. Ndani yake kuna sahani nyembamba nyingi, inatoa umeme mkali kwa sekunde chache kisha altaneta (jenereta inayozungushwa na injini) inairudishia. Ya pili ni ya ndani: friji, taa, chaji za simu na kamera. Hii inatakiwa iwe na sahani nene, itoe umeme kidogo kidogo usiku kucha bila kuumia. Sasa nenda dukani useme "nipe betri ya friji" uone utakachopewa. Mara nyingi ni N70 ya kawaida, betri ya stata. Itafanya kazi, sikatai, ila ukiimaliza kila usiku haikupeleki mbali.

Muuaji namba moja ni kutokujaa. Watu wanadhani gari likitembea saa mbili betri imejaa. Betri ya asidi inapokea haraka mpaka kama asilimia 80, halafu inaanza kujivuta, na ile asilimia 20 ya mwisho inataka saa kadhaa za volti 14 na kitu bila kukatizwa. Mgeni yuko Seronera, katikati ya Serengeti, mnatembea kidogo, mnazima kumtazama chui, mnawasha, mnazima. Friji hailali. Jioni mnaingia kambini betri ina robo tatu, asubuhi ina robo, kesho hivyo hivyo. Betri ikikaa na njaa, juu ya sahani hujengeka salfeti, ukoko wa risasi na asidi, na ikishakomaa haitoki. Unabaki na betri ya 100Ah (ampea-saa, kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi) yenye uwezo wa thelathini.

Namba mbili ni waya, na hapa mafundi wenzangu mtanisamehe. Unakuta waya wa milimita 6 za mraba umetoka chini ya boneti mpaka nyuma kabisa. Piga hesabu: mita tano kwenda, mita tano kurudi, ampea 30. Waya huo unakula karibu volti 0.9. Altaneta inatoa 14.2, nyuma inafika 13.3. Kwa 13.3 betri hiyo itachelewa sana kujaa, hata uendeshe mpaka Kigoma. Weka waya wa milimita 25 za mraba, upotevu unashuka mpaka 0.2 hivi. Bei ya waya mnene inauma, najua, lakini linganisha na betri moja kila mwaka.

Kupima ni rahisi. Washa gari, washa friji na taa zote za nyuma, acha betri iwe imetumika kidogo. Pima volti kwenye terminali za betri ya mbele, halafu kwenye terminali za ile ya nyuma. Zikipishana zaidi ya nusu volti, usiende dukani kununua betri, nenda kanunue waya.

Kuhusu hali ya betri yenyewe: chaji mpaka ijae, chomoa kila kitu, iache ipumzike saa kadhaa. Ukipima mara tu baada ya kuchaji utapata namba nzuri ya uongo. Ikishapumzika, 12.6 au 12.7 imejaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 iko taabani. Ikisoma 10.5 baada ya kuchaji usiku kucha, chumba kimoja kati ya vile sita vilivyo ndani ya betri kimekufa. Hapo usipoteze muda.

Karibuni, mwenye swali aulize.

Mzee wa Rosa na Coaster (Dar)

Asante kwa somo, kiongozi. Mimi nina Coaster niliyoitoa viti, nimeweka vitanda na jiko, tunaenda nayo Lushoto na Mikumi na familia. Betri zake ni mbili lakini zote ziko pamoja. Kuna jambo linanichanganya: betri moja inakufa kila baada ya muda mfupi, nyingine inachemka na kumaliza maji. Fundi ananiambia niwe nanunua ile inayokufa tu. Friji na redio ni za volti 12.

WayaMwekundu

Shikamoo mzee. Bila kuliona gari naweza kukwambia friji imechomekwa wapi: kwenye betri moja kati ya zile mbili.

Coaster yako ni ya volti 24. Betri mbili za 12 zimeunganishwa kwa kufuatana, na altaneta inaziona kama kitu kimoja. Inapeleka 28.4, basi, haijui nani ana njaa na nani ameshiba. Ukichota volti 12 kutoka betri moja peke yake, hiyo inashuka. Ikija chaji, yenye njaa inaishia labda 13.6 na mwenzake inasukumwa 14.8. Moja inakufa kwa salfeti, nyingine inakauka maji. Umeelezea dalili zote mbili bila kujua.

Dawa yake ni konvata ya kushusha 24 kuwa 12, inayochukua umeme kwenye betri zote mbili kwa pamoja. Friji ya kompresa inakula kama ampea 4 au 5 ikiwa inafanya kazi, kwa hiyo konvata ya ampea 20 inakutosha na taa na redio. Friji nyingine zinakubali 12 na 24, soma kibandiko cha nyuma kwanza, huenda huhitaji konvata kabisa. Halafu ukinunua betri, nunua mbili, aina moja, siku moja. Mpya ikifungwa na iliyochoka, iliyochoka inaivuta mwenzake.

Na ukipata nafasi, tenga kabisa betri ya ndani na zile za stata. Kukwama Mikumi na watoto usiku eti kwa sababu ya friji, hapana.

Mzee wa Rosa na Coaster

Marahaba. Nimetoka kuangalia sasa hivi na tochi. Ni kweli, waya wa friji umefungwa kwenye betri ya kushoto. Na kibandiko cha friji kimeandikwa 12/24. Sasa huyu fundi wangu sijui nimwambie nini.

Fundi Asilia

Mwambie ahsante kwa kukuweka mjini 😂

Ila WayaMwekundu umesema salfeti haitoki. Sisi wakongwe tunaweka chumvi ya Epsom, betri inaamka. Wengine wanamwaga asidi ya zamani wanatia mpya. Nimeona kwa macho yangu gari likiwaka.

WayaMwekundu

Gari kuwaka sikatai. Stata inataka sekunde mbili tu. Swali ni kama itasukuma friji kuanzia saa moja jioni mpaka alfajiri.

Asidi haipungui kwenye betri, yanayopungua ni maji. Betri ikiwa imelala njaa, asidi yake imeingia kwenye sahani kama salfeti. Ukimwaga maji yaliyobaki ukatia asidi mpya, haidromita (kifaa cha kupima ukali wa asidi) itakuonyesha kipimo kizuri na utafurahi, kumbe umeweka asidi kali kupita kiasi kwenye sahani zilezile zilizochoka. Zinaliwa haraka zaidi. Kwenye betri unaongeza maji ya betri, yaani yaliyokenekwa (mvuke uliopozwa ukawa maji), si ya bomba na si ya chupa ya kunywa. Na uongeze ikishajaa chaji, kwa sababu maji yanapanda wakati wa kuchaji. Kama sahani zimekaa wazi, ongeza kidogo zifunikwe tu, chaji, kisha malizia.

Salfeti changa, ya wiki chache, inaweza kurudi kwa kuchaji polepole muda mrefu, hata kuisukuma mpaka volti 15 na nusu chini ya uangalizi. Hiyo ni kwa betri ya maji tu, iliyotolewa kwenye gari, mahali pa wazi, bila sigara. Gesi inayotoka ni haidrojeni. Ukifanya hivyo kwenye AGM au jeli (betri za asidi zilizozibwa, zisizoongezwa maji) umeiua rasmi.

Haidromita yenyewe ni kifaa cha bei ndogo na kinasema ukweli kuliko mita ya volti. Betri iliyojaa inasoma 1.265 mpaka 1.28 kila chumba. Vyumba vitano vikisoma 1.26 na kimoja 1.20, hicho kimoja kinakuaga.

Msafiri wa Nanyuki

Habari zenu ndugu. Huku Kenya wengi tumehamia lithiamu. Nimefunga ya 100Ah kwenye Land Cruiser, uzito hauzidi nusu ya ile ya zamani, na naweza kuitumia karibu yote badala ya kuogopa ikifika nusu. Lakini fundi aliiunganisha na altaneta kupitia rilei (swichi ya umeme) ileile ya betri ya asidi. Kuna siku tulikuwa tunapanda njia ya mchanga kule Chalbi, gia ya chini, altaneta ikaanza kunuka. Je, hiyo ni lithiamu au ni altaneta yenyewe?

WayaMwekundu

Ni ndoa yao. Betri ya asidi ikianza kujaa inakataa umeme yenyewe, kwa hiyo altaneta inapata nafuu. Lithiamu haikatai. Inameza chochote unachoipa mpaka dakika ya mwisho. Ukiwa kwenye mchanga, injini inazunguka polepole, feni ya altaneta nayo polepole, hewa ya moto, na betri inadai ampea 80. Harufu uliyosikia ni vanishi ya koili, ile rangi inayokinga nyaya za ndani ya altaneta.

Hatari ya pili ni ile bodi ya ulinzi iliyo ndani ya betri. Ikiona kitu haikipendi, inakata ghafla. Altaneta iliyokuwa inasukuma umeme mwingi inabaki haina pa kuupeleka, volti inaruka juu, na diodi zinaweza kuungua.

Toa hiyo rilei. Weka chaja ya betri-kwa-betri ya ampea 30, ile inayopokea umeme wa altaneta na kuutoa kwa kipimo cha lithiamu, 14.2 mpaka 14.6. Inaweka kikomo, altaneta inapumua. Faida nyingine, kama waya wako una upotevu chaja hiyo inapandisha volti yenyewe upande wa betri. Magari mapya yenye altaneta inayoongozwa na kompyuta hayana njia nyingine, maana volti yake inashushwa makusudi kuokoa mafuta na betri ya nyuma haipati kitu.

Mimi siipingi lithiamu. Kwa gari linalolala porini kila wiki ndiyo betri ya kununua. Kwa mtu anayeenda kempu Pasaka na Krismasi, betri nzuri ya sahani nene na waya mnene inamtosha.

Bin Saleh (Maskati)

Assalaam alaykum. Nnawasoma kwa furaha, Kiswahili cha mafundi sijakisikia siku nyingi. Huku Oman watu wanakwenda kulala jangwani Sharqiyah kila wikendi msimu wa baridi, na gari nyingi zina betri ya pili. Shida yetu ni joto. Kiangazi kinapita digrii 45, na chini ya boneti usiseme. Betri ya maji ikiwekwa karibu na injini haikai. Watu wenye uzoefu wameihamishia nyuma, ndani ya gari, wameweka AGM. Na chaja zetu tunazishusha volti kiangazi. Ndivyo mnavyofanya na nyinyi?

WayaMwekundu

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Inatakiwa tufanye, wachache wanafanya. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila digrii 10 juu ya 25 zinapunguza uhai wa betri ya asidi kwa karibu nusu. Na kweli, betri yenye joto inataka volti ndogo. Kila digrii moja inapungua kama volti 0.024 kwa betri ya volti 12. Kwa digrii 45 hiyo ni karibu nusu volti, kwa hiyo badala ya 14.4 inatosha 13.9. Chaja na kontrola nzuri za sola zina kihisi cha joto chenye waya mrefu. Kihisi hicho kinabandikwa kwenye ubavu wa betri. Nimekikuta mara nyingi kimekunjwa ndani ya boksi la chaja kama kiambata kisicho na kazi.

Kwa walioko Natron, Manyara na Mto wa Mbu, haya yanawahusu. Na AGM ndani ya gari ni sawa, ila hata hiyo ina tundu la kupumua likizidiwa, isifungiwe kwenye sanduku lisilopitisha hewa. Betri ya maji isilale chumba kimoja na watu kabisa.

Dada wa Hannover

Huku Ujerumani ni kinyume, wenzangu. Magari ya kulala yanaegeshwa kuanzia Novemba hadi Machi. Betri ya asidi iliyojaa haigandi kwa baridi ya hapa, lakini iliyoisha inaweza kuganda kwenye kama digrii 10 chini ya sifuri, boksi linapasuka. Kwa hiyo tunajaza, tunachomoa, na tunaangalia kila mwezi. Na lithiamu haichajiwi chini ya sifuri, inaharibika ndani kwa ndani. Inatumika tu, haijazwi, mpaka ipate joto.

Kijana wa Moshono

Kaka, mimi naanza biashara na gari moja. Friji lita 45, taa, chaji. Nichukue betri ya ukubwa gani? Sola je?

WayaMwekundu

Friji hiyo inakula ampea 4 ikiwa imewaka, na kwa hali yetu inawaka kama asilimia 40 ya siku. Mara 24, unapata karibu 38Ah kwa siku. Ongeza taa, simu, kamera za mgeni, weka 45. Betri ya asidi usiitumie zaidi ya nusu, kwa hiyo 100Ah inakubeba siku moja bila gari kutembea. Siku moja tu. Paneli ya wati 100 juu ya hema kwa jua letu inarudisha kama 30Ah kwa siku nzuri, hivyo wati 150 au 200 ndiyo uungwana. Sola ina faida ambayo watu hawaisemi: inamalizia ile asilimia 20 ya mwisho polepole mchana kutwa wakati gari limeegeshwa.

Mgeni akiuliza kama anaweza kuchemsha maji kwa birika la umeme kupitia inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani), mpe jiko la gesi. Birika la wati 1500 linavuta zaidi ya ampea 125 kwenye volti 12.

Na ifunge betri vizuri! Ile rasta ya asili, yaani vijituta vya barabara ya vumbi, ya kutoka Naabi hadi Seronera inatikisa sahani mpaka zinamwaga unga chini, na unga ukijaa chumba kinapiga shoti. Fremu ya chuma, boliti mbili, kipande cha mpira chini. Kamba ya manila si kifungio, nimeshaikuta.

Msafiri wa Nanyuki

Jambo moja mafundi hawalisemi: betri zilizokufa. Tafadhali msimwage asidi nyuma ya gereji na msiuze kwa mtu anayeyeyusha risasi uani. Pale Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwatia watu sumu ya risasi, watoto kwa wakubwa. Phyllis Omido aliyewapigania alipata tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Ile risasi ilitoka kwenye betri kama hizi zetu.

WayaMwekundu

Umesema la maana. Betri nzee ina thamani, maduka mengi yanaipokea na kukupunguzia bei ya mpya. Ipeleke nzima, na maji yake ndani. Anayekwambia uimwage kwanza ili ipungue uzito, mkimbie. Asidi ikimwagika kwenye gari, nyunyiza magadi soda, ikiacha kutoa povu osha kwa maji mengi.

Kijana wa Moshono

Swali la mwisho kaka. Kufungua naanza na ipi? Na fyuzi inakaa wapi, mbele au nyuma?

WayaMwekundu

Kufungua anza na hasi, kufunga malizia na hasi. Spana ikigusa bodi wakati hasi imeshatoka, hakuna kinachotokea. Ikigusa wakati hasi bado ipo, spana inageuka mshumaa.

Fyuzi ni mbili, moja kila mwisho wa waya mwekundu, kila moja karibu na betri yake, ndani ya sentimita 20 hivi. Waya huo una betri pande zote mbili, ukichubuka katikati chini ya zulia unapata moto kutoka mbele na kutoka nyuma, na fyuzi moja haikuokoi. Ukubwa wa fyuzi unafuata waya, haufuati betri. Ukishafunga, paka terminali grisi kidogo, halafu rudia kile kipimo cha mbele na nyuma injini ikiwa inawaka. Andika namba zote mbili kwa kalamu ya maka juu ya betri pamoja na tarehe, fundi atakayefuata azikute.